Vijiko viwili vya maji

Kitendawili!

Tega!

Nina ng'ombe wangu: hunywa hewa mapipa ishirini kwa dakika asishibe, lakini vijiko viwili vya maji humvunja mguu.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nani kasema Moshi? Haya, Moshi nimeuchukua. Nikaenda Moshi, nikapokewa kwa mtori, nikala nikashiba, wenyeji wakaniomba nilale. Nikawaambia siwezi, wajukuu wananisubiri Lemara, Arusha, niwape jibu. Jibu ni injini ya gari.

Msidhani natia chumvi kwenye hayo mapipa. Tupige hesabu pamoja. Zile Land Cruiser za watalii mnazoziona kila siku zikitoka mjini kwenda Manyara na Serengeti, ndefu, zenye paa la kuinua, nyingi zinatumia injini ya dizeli ambayo mafundi huitaja kwa jina lake la kiwandani, 1HZ. Ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Ndani ya kila silinda mna pistoni. Ikishuka, inavuta hewa. Ikipanda, inaibana. Mafuta yanaingia, yanawaka, moto unaisukuma pistoni chini kwa kishindo, na hiyo ndiyo nguvu inayozungusha matairi. Ikipanda tena, inafukuza moshi. Kazi hiyo yote inachukua mizunguko miwili ya injini, na katika mizunguko hiyo miwili silinda zote sita kwa pamoja zimevuta karibu lita 4.2 za hewa. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, imevuta mara 1,000. Hizo ni lita 4,200. Pipa moja la mafuta lina lita 200. Gawanyeni wenyewe: mapipa 21. Kwa kuwa silinda haijai hewa sawasawa kila mara, tuseme ishirini hivi.

Sasa tuangalie vijiko. Silinda moja ya injini hiyo inavuta takriban mililita 700 za hewa. Pistoni inapopanda, hewa yote hiyo inasukumwa kwenye kijinafasi kilichobaki juu yake, na kijinafasi chenyewe ni mililita 32 tu. Kijiko cha chakula kina mililita 15. Kwa hiyo hewa ya kujaza zaidi ya nusu lita inaminywa ikae mahali pa vijiko viwili. Hewa inakubali kuminywa. Inapata joto kali mpaka dizeli inawaka yenyewe bila plagi, lakini inakubali.

Maji hayakubali. Hili jaribuni leo jioni, mtu mzima akiwepo. Nunueni duka la dawa bomba la sindano jipya, lile la plastiki, na sindano yenyewe msiitumie kabisa, muachieni mtu mzima. Vuteni hewa mpaka nusu, zibeni tundu kwa kidole gumba, sukumeni. Fimbo inaingia, inaingia, halafu mkiiachia inarudi yenyewe. Sasa vuteni maji, toeni mapovu yote, zibeni tena, sukumeni. Mtasukuma mpaka mishipa iwatoke shingoni na fimbo haisogei hata unywele. Wanasayansi wamepima: kuyapunguza maji ujazo kwa sehemu moja tu ya mia, unahitaji msukumo wa zaidi ya mara 200 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Tairi la gari dogo linajazwa hewa ya msukumo wa karibu mara mbili tu.

Basi fikirini pistoni inapanda kwa kasi, na juu yake kuna maji yanayozidi vijiko viwili. Nafasi imejaa. Pistoni haiwezi kumaliza safari yake, lakini krenki chini bado inazunguka na silinda nyingine tano zinaisukuma. Kati ya krenki na pistoni iko konrodi, kipande cha chuma kinachoziunganisha. Krenki inasukuma kutoka chini, maji yamegoma juu, konrodi ya watu iko katikati. Injini ikiwa inazunguka polepole, huenda ikazimika tu. Ikiwa kasi, konrodi inapinda, na wakati mwingine inakatika na kutoboa ukuta wa injini. Huo ndio mguu wa ng'ombe wetu. Gari dogo la petroli lenye injini ya lita 2 lina nafuu kidogo, kwa sababu nafasi yake juu ya pistoni ni mililita 55 hivi. Hiyo nayo haifiki vijiko vinne.

Sasa mjukuu mwenye akili ataniuliza: babu, mbona masika yote magari yanatembea? Kuanzia Machi mpaka Mei mvua inatwanga Arusha, vifodi vinapiga ruti, Noah zinakwenda na kurudi, na hatusikii konrodi zikikatika barabarani. Swali zuri. Mtu anaweza kudhani waliotengeneza magari wameziba kila mahali maji yasipite. Hawawezi. Ng'ombe wa mapipa ishirini huwezi kumziba pua. Mahali hewa inapopita, tone la mvua nalo linaweza kupita. Ilibidi watafute ujanja, na ujanja wenyewe ni huu: maji yaachwe yaingie kidogo, kisha yaonyeshwe mlango wa kutokea kabla hayajafika kwenye injini.

Siku fundi akifungua boneti, ombeni ruhusa, injini ikiwa imezimwa, mfuatilie njia ya hewa kwa kidole. Mtaanzia kwenye mdomo wa bomba la plastiki. Kwenye magari mengi mdomo huo uko juu, karibu na taa au juu ya rejeta, na hautazami mbele moja kwa moja. Umegeuzwa pembeni au umefunikwa. Kutoka hapo bomba linapinda, kisha linaingia kwenye boksi jeusi ambalo mafundi wanaliita ea klina. Ndani ya boksi mna filta, karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi. Ng'ambo ya filta ndiko kuna bomba la kwenda kwenye injini.

Ile kona ndiyo ya kwanza kufanya kazi. Huku kwetu, mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yana uzito wa karibu mara 1,000 wa hewa ya ujazo uleule. Hewa ikifika kwenye kona inakata bila shida. Tone zito linashindwa kukata, linakwenda mbele na kujibamiza ukutani, linateleza chini. Boksi nalo lina kazi yake. Hewa ikitoka kwenye bomba jembamba na kuingia kwenye chumba kipana, mwendo wake unapungua, na matone yaliyokuwa yamebebwa na kasi yanaanguka sakafuni.

Na sakafuni, wajukuu, ndipo penye kitu chenyewe. Pitisheni kidole chini kabisa ya boksi. Mtakuta kitundu, pengine si kikubwa kuliko punje ya harage. Kwenye magari mengine ni kichuchu cha mpira chenye mdomo uliobana, ambacho ukikiminya kinatema maji na vumbi. Gari la mamilioni ya shilingi, na linaloliokoa siku ya mvua ni kitundu ambacho hakigharimu hata senti. Maji yote yaliyoshindwa kukata kona yanatokea hapo.

Ndiyo maana nasema adui wa injini siku za kawaida si mvua yenyewe, ni kitundu kilichoziba. Vumbi la Arusha ni jepesi, lina majivu ya volkano ya Meru ndani yake, na likilowa linakuwa tope linalogandia. Mwezi Oktoba na Novemba mijakaranda inachanua mji mzima, maua ya zambarau yanaanguka juu ya magari yaliyoegeshwa chini yake, yanaingia kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapoanzia. Yanaoza, yanaziba. Halafu vuli inaanza. Maji yaliyokuwa yapite kwenye mfereji na kushuka chini yanajaa, yanatafuta njia nyingine, na njia yoyote yanayoipata si nzuri: kwenye nyaya, ndani ya gari, au kwenye mdomo wa hewa ikiwa uko karibu. Kazi ya kuyaokota maua yale ni ya dakika tano, na haihitaji fundi. Mkimsaidia baba au mama kuusafisha mfereji huo kabla ya vuli, mmefanya kazi ya maana kuliko kung'arisha rimu.

Kuna na maji yasiyotoka mawinguni. Kijana wa kuosha magari anafungua boneti, anaelekeza mpira wa presha kwenye injini ing'ae. Maji ya presha yanakwenda kasi kuliko mvua yoyote, hayasubiri kona, yanapenya kwenye mdomo wa hewa na kuloanisha filta. Karatasi ikilowa inavimba, hewa haipiti, gari linakosa nguvu na la dizeli linatoa moshi mweusi mlimani. Baadhi ya madereva wakiona hivyo wanaitoa filta na kuitupa, waendelee na safari. Hapo wamekimbia maji wakakaribisha vumbi, na vumbi letu linasaga silinda kimyakimya mpaka injini inanoki.

Sasa tuje kwenye mkonga.

Lile bomba jeusi linalotoka ubavuni mwa Land Cruiser na kupanda kando ya kioo mpaka usawa wa paa, ndilo watu wanaloliita mkonga, na jina limelikaa. Tembo anapovuka mto wenye kina huinua mkonga juu ya maji akapumua, mwili wote ukiwa umezama. Gari nalo limeinuliwa pua. Lakini mkiwauliza madereva wa porini, watawaambia siku nyingi za mwaka mkonga unawafaa kwa vumbi kuliko maji. Gari likimfuata mwenzake kwenye barabara ya Serengeti mwezi wa Agosti, hewa ya usawa wa tairi ni unga mtupu. Hewa ya usawa wa paa ina nafuu kubwa.

Ujanja huu wa kuinua pua umezunguka dunia. Miaka ya 1930 jeshi la majini la Uholanzi liliweka bomba la hewa kwenye nyambizi zake ili injini za dizeli zifanye kazi chombo kikiwa chini ya maji. Wajerumani wakauchukua ujanja huo wakati wa Vita Kuu ya Pili, na juu ya bomba wakaweka valvu yenye boya. Wimbi likipita juu yake, boya linapanda na kufunga mlango. Maji hayakuingia, ila injini haikujua kama mlango umefungwa; iliendelea kuvuta, na sasa ikavuta hewa ya chumba walimokaa mabaharia, mpaka masikio yakawauma. Ng'ombe akikosa hewa ya nje anakunywa ya mwenye nyumba.

Na hapa Afrika Mashariki tulikuwa na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, kana kwamba waandaaji walikuwa na ugomvi na madereva. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza zaidi ya 80 tena, yakamaliza saba tena. Tope lilimeza mengine, mito ikazuia mengine, mengine yalivunjika. Mara zote mbili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari la kawaida lililokuwa likibeba abiria mijini kwetu. Safari Rally ya siku hizi inafanyika Naivasha, Kenya, na magari yake ya mashindano yameonekana yakifungwa mkonga, ingawa ni madogo na ya kisasa. Vumbi na maji ya Afrika Mashariki hayana adabu kwa gari la kisasa.

Watu wanabishana sana kijiweni kuhusu kichwa cha mkonga. Mmoja atasema kielekee mbele ili upepo uijaze injini. Tumpigie hesabu naye. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo wa mbele unaongeza msukumo wa hewa kwa takriban sehemu tatu za elfu moja. Hiyo ni chumvi isiyoonekana kwenye sufuria. Lakini mdomo ulioelekea mbele unaikumbatia mvua. Kichwa kizuri kimepasuliwa nyufa kwa nyuma: tone linaingia kwa kasi, linagonga ukuta wa nyuma, linatokea ufani, na hewa inakata kona kushuka chini. Ni ujanja uleule wa kitundu. Kichwa kisicho na nyufa, wakati wa mvua kubwa dereva anakilegeza na kukigeuza kitazame nyuma.

Kuna jambo moja nililolishuhudia kwa fundi wetu hapa Lemara. Alikuja kijana na Land Cruiser aliyoinunua mkononi, mkonga unang'aa. Fundi akamwambia, "Washa." Injini ikaunguruma. Fundi akavua kandambili yake, akapanda kwenye bampa, akaiweka kandambili kwenye mdomo wa mkonga na kuugandamiza. Injini ikaendelea kuunguruma, haikukohoa wala kusita. Fundi akashuka, akavaa kandambili yake.

"Bosi, huu mkonga ni wa urembo."

Bomba halikuwa limeunganishwa na boksi la hewa. Aliyelifunga alilipigilia ubavuni, akaishia hapo, na injini ilikuwa ikivuta hewa ya chini kama zamani. Mkonga uliofungwa sawasawa ukiuziba, injini inapaliwa au inazimika hapohapo. Kipimo hicho ni muhimu, maana bomba zima likipanda juu na kiungo kimoja tu kimelegea chini, maji yataingilia kwenye kiungo hicho. Hata kile kitundu chetu kipenzi, gari likizama mpaka usawa wa boksi, kinageuka kuwa mlango wa kuingilia, na ndiyo maana anayejenga gari la kuvuka mito hukiziba makusudi na kukizibua baada ya safari. Kazi hiyo ya kandambili ni ya fundi, si yenu, kwa sababu injini inavuta kwa nguvu na inaweza kumeza kitu.

Na gari likizimika majini je? Hapa ndipo injini nyingi zinapovunjikia, na kinachozivunja ni ufunguo. Dereva anashtuka, anapiga stata. Injini iliyozimika kwa upole, maji yakiwa yameingia lakini konrodi bado nzima, sasa inazungushwa kwa nguvu dhidi ya maji yale. Mkiwa ndani ya gari na mkaona mkono unaelekea kwenye ufunguo, semeni kwa sauti: "Shikamoo, tafadhali usiwashe kwanza." Salamu haichukui muda. Gari livutwe mpaka pakavu, waya wa betri utolewe, boksi la hewa lifunguliwe. Filta ikiwa kavu, kuna matumaini. Ikiwa imelowa, fundi atatoa plagi, au nozeli kwa dizeli, kisha ataizungusha injini polepole ili maji yaruke nje kupitia matundu hayo. Halafu atakagua oili. Ikiwa imegeuka nyeupe nyeupe, maji yamefika huko pia, na itamwagwa yote.

Yote niliyoyasema ni juu ya injini. Injini inanunuliwa. Mto Themi unatoka Meru, unapita mjini na kushuka huku Lemara. Mito ya Naura, Goliondoi na Kijenge nayo inatoka hukohuko juu. Mvua ikinyesha mlimani, huku chini jua linaweza kuwa bado linawaka, na korongo lililokuwa kavu asubuhi likashuka na mawe. Maji yanayotembea, ya kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kulibeba gari dogo. Yakifika sentimita 60, mengi ya magari makubwa nayo yanakwenda. Ijumaa ya tarehe 12 Aprili 2024, hapahapa Arusha, basi dogo la shule lilisombwa na maji ya korongo asubuhi, na watoto wa rika lenu wakapoteza maisha. Halikuwa jambo la filta wala konrodi.

Kwa hiyo mkifika kwenye korongo lililojaa, maji ya rangi ya udongo hayaonyeshi kina wala hayaonyeshi kama barabara bado ipo chini yake. Dereva akisema, "Msiogope, gari hili lina mkonga," mjibuni kwa heshima kwamba mkonga unainua pua ya injini, ila hauyashikilii matairi chini. Kisha ombeni mshuke, msubiri maji yapungue.